Mululu

Mwezi wa tano mwaka jana, wanafunzi kumi na watatu wa kitivo chetu na mwalimu mmoja tulifunga safari kwenda kuona maporomoko ya Lofoi, katika Hifadhi ya Taifa ya Kundelungu. Tangu shule ya msingi tulikuwa tumelikariri jina hilo katika masomo ya jiografia, pamoja na Kyubo, Mwadingusha na Boyoma, lakini hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa amefika. Tulichanga pesa kwa miezi mitano. Wengine walitoa zile walizolipwa kwa kufundisha watoto wa watu jioni, wengine waliomba kwa wajomba zao. Za kwangu zilikuwa pesa za makala. Hilo sikumwambia mtu.

Baba yangu anachoma makala. Hukaa porini majuma matatu, kisha hurudi nyumbani juma moja. Mama huyauza mbele ya nyumba, kwa ndoo na kwa mafungu. Minervali yangu tangu mwaka wa kwanza, daftari, nakala za masomo, nauli ya basi, vyote vimetoka ndani ya tanuru. Lakini kila nilipojaza fomu ya kujiandikisha, mahali pa kazi ya baba niliandika “mkulima”. Haukuwa uongo mtupu, kwa maana pale miti inapokwisha baba hupanda mahindi. Nusu nyingine ya ukweli niliiacha kwa makusudi.

Tulitoka Lubumbashi kabla ya jua kuchomoza, tukaelekea kaskazini-mashariki. Saa ile barabara ni ya watu wa kinga. Kila anayeishi mjini kwetu anawajua: baiskeli imebeba magunia manne au matano, mwenyewe hawezi kuipanda, anaisukuma kwa kifua kwenye mlima na kuizuia kwa visigino kwenye mteremko. Mwenzetu mmoja akawatazama dirishani, akasema:

“Bale njo banamalizaka pori.”

Wote wakacheka kidogo, bila ubaya. Nami nikacheka. Wakati huohuo nilikuwa ninatazama midomo ya magunia. Kila mchomaji ana namna yake ya kupanga majani na kufunga kamba mdomoni mwa gunia, nami nilikuwa ninaogopa kuona fundo la baba.

Kwa saa nyingi za kwanza hakukuwa na mti mkubwa wa kutazama. Kulikuwa na visiki, na juu ya visiki machipukizi membamba kama vidole, maana miti ya miombo haifi upesi. Ukiikata huota tena kutoka kwenye kisiki, ila inahitaji kuachwa miaka mingi, na hakuna anayeiacha. Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1910, na tangu hapo haijaacha kupika. Mahali ambapo umeme haujafika watu hupika kwa makala, na mahali ulipofika hukatika, na mbabula hutolewa tena uani. Hakuna nyumba kati ya nyumba za sisi kumi na watatu ambayo haina mbabula. Hata yule aliyesema neno lile asubuhi alikuwa amekunywa chai kabla ya kutoka.

Hifadhi ya Kundelungu ilianzishwa mwaka 1970, ikiwa mdogo wa ile ya Upemba iliyoanza mwaka 1939. Juu ni uwanda mpana wa majani, baridi, karibu hauna miti. Kandokando ya vijito kuna misitu myembamba yenye giza ambayo wenyeji huiita mushitu, na kwenye miteremko kuna miombo. Chini, upande wa magharibi, kuna bonde la Lufira. Mto Lofoi huzaliwa juu kwenye uwanda, hutembea taratibu katikati ya majani kana kwamba hauna habari ya kitu chochote, kisha hufika ukingoni na kuanguka.

Mlinzi aliyetuongoza alikuwa mtu mzima, tukamwita Papa. Kabla ya kuanza kutembea alituketisha chini, akatupa masharti: tusikate kitu, tusiwashe moto, tusiache hata mfuko mmoja. Kisha akatueleza kazi yao. Alisema wanyama wamepungua, kwamba wawindaji huingia, na kwamba siku hizi hata wachoma makala wanazidi kusogea mpaka ukingo wa hifadhi.

“Mtu anayekata mti wa miaka mia moja ili auze gunia moja,” alisema, “huyo hapendi watoto wake.”

Nilitazama viatu vyangu. Vilikuwa viatu vizuri vya kutembelea, na aliyevinunua ni baba.

Tulipita kwenye korongo, tukiufuata mto kwa kwenda juu. Kadiri tulivyoendelea, miti ilizidi kuwa mirefu na hewa ilizidi kuwa na unyevu. Kwanza tulisikia sauti ambayo tulidhani ni ya upepo. Kisha nguo zetu zikaanza kulowa, ingawa mbingu ilikuwa safi. Tulipotoka kwenye miti tukainua vichwa, na hakuna aliyesema neno. Maji yanaanguka zaidi ya mita 300 kutoka kwenye ukuta wa mwamba, mara moja tu, bila ngazi. Yanatoka juu yakiwa meupe na mazito. Katikati ya safari upepo unayachana vipandevipande, na kabla ya kufika chini mengine yamekwisha kuwa moshi. Papa alituambia kwamba wakati wa kiangazi maji hupungua sana, hata mtu aliyesafiri mbali huweza kukasirika. Sisi tulifika mvua zikiwa zimekwisha majuzi tu, njia zikipitika, na mto ukiwa bado umeshiba.

Nilikaa juu ya jiwe nikawaza juu ya Mwadingusha. Nayo yalikuwa maporomoko, kwenye mto Lufira, ule ambao Lofoi huenda kuungana nao. Mwaka 1930 kituo cha umeme kilianza kazi pale. Bwawa lilikuwa limeuziba mto na kuzaa ziwa la Tshangalele, na maji yakaingizwa ndani ya mabomba ili yaendeshe migodi na viwanda vya shaba. Ndugu wawili wa mto mmoja: huyu anaanguka bure, watu wanakuja kumtazama, na yule amefungwa kazini karibu miaka 100. Na bado mtaani kwetu tunapika kwa mti. Sikuwa ninatafuta wa kumlaumu. Nilikuwa ninajaribu tu kumjibu Papa kimoyomoyo, kwa sababu kwa mdomo nilishindwa.

Wakati wa kurudi tulipumzika chini ya mti mmoja karibu na maji. Kwenda tulikuwa tumeupita bila kuuangalia, kwa haraka ya kufika. Sasa tuliuona. Shina lake lilitoka ardhini likiwa na kuta pembeni, kama mbavu, na kuta zile zilikuwa ndefu kupita mtu. Juu lilinyooka bila tawi hata moja mpaka mahali ambapo shingo ilianza kuuma. Wenzangu watano walishikana mikono wakajaribu kuuzunguka, hawakufikiana. Wakapiga picha. Mwalimu wetu, ambaye hawezi kuona kitu bila kuuliza jina lake, akauliza:

“Njo muti gani huu?”

“Ni muti tu, mukubwa,” mmoja akajibu, na tukacheka.

Mwalimu hakucheka. Akasema kwamba hapa tupo watu kumi na wanne wa lugha, na katikati yetu kuna wanaozungumza lugha tano au sita, na jibu letu ni “muti mukubwa”. Papa alikuwa amebaki nyuma akimsaidia mwenzetu aliyeteleza. Kukawa kimya. Mimi nilikuwa nimeweka mkono juu ya gome, na jina lilikuwa mdomoni tangu mwanzo.

“Ni mululu,” nikasema.

“Unayua namna gani?”

Ningeweza kusema nilisoma mahali. Walikuwa wangeamini, maana mimi ni mtu wa maktaba. Lakini wakati ule Papa alikuwa amefika, akasikia, akasema: “Ndiyo, mululu. Nani amekufundisha?” Na mtu kama yule, aliyekaa maisha yake katikati ya miti, sikuweza kumdanganya chini ya mti.

“Baba yangu,” nikasema. “Anachomaka makala.”

Hakuna aliyecheka. Yule mwenzangu wa asubuhi alianza kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Papa alinitazama muda mrefu, kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia: baba alinifundisha nini tena?

Basi nikaeleza. Nilipokuwa na miaka kumi na moja, wakati wa likizo, baba alinichukua porini nikamsaidie kufunika tanuru kwa udongo. Asubuhi, kabla ya kazi, alikuwa ananitembeza na kuniuliza majina, kama mwalimu anayeuliza vitenzi. Huu ni mutondo: makala yake ni mazito na moto wake unakaa, na viwavi tunavyokula, vile vya finkubala, hupenda majani yake. Kwa hiyo anayekata mutondo wote hana makala kesho wala hana mboga. Huu ni mupundu: usiujaribu, mti wake unamaliza makali ya shoka, tena matunda yake ni chakula cha watoto. Huu ni musuku, nao uache kwa matunda. Huu ni mukula, ukiukata unatoa utomvu mwekundu kama damu. Na kando ya kijito karibu na kambi yetu ulisimama mti mmoja mnene kuliko yote. Baba alisema: huo ni mululu, si wa makala, njo wa bwato. Babu yake alikuwa mtu wa Luapula, akichonga mitumbwi. Baba hakuwa amechonga hata mmoja, lakini kila alipopita pale aliugusa.

Mwalimu akarudia neno, “mululu”, kisha akauliza kama kuna anayejua linavyoitwa kwa Kiswahili sanifu. Papa akasema kwa Kifaransa mbao zake huitwa akajou wa Afrika, na kwa Kilatini wataalamu husema Khaya. Hapo nikasimama. Neno Khaya nilikuwa nimekutana nalo mwaka uliopita, tulipofanya kazi juu ya majina ya mimea katika kamusi. Nilikuwa nimeandika kadi kwa mkono wangu: mkangazi, mti mkubwa wa mbao nyekundu, jamii ya Khaya. Kadi ile nilipata nayo alama nzuri. Wakati ninaiandika niliwazia mti wa mbali, wa Tanzania, wa pwani, mti wa watu wenye Kiswahili kizuri. Kumbe ulikuwa ule wa kijitoni kwetu. Nilikuwa nao kwa majina mawili, moja la darasani na moja la nyumbani, na kwa kuwa nilificha nyumbani nisionekane darasani, majina yale hayakuwahi kukutana.

Usiku ule kambini tulizungumza sana. Mwalimu alituuliza kwa nini Kiswahili cha Lubumbashi, lugha iliyo na maneno mengi hivi ya mashine, ya pesa na ya ndoa, kina “muti” mmoja kwa kila kitu kinachosimama porini. Kila mtu alijaribu jibu lake. Langu ni hili, nalitoa hapa ili wasomaji walipinge. Kiswahili kilifika Katanga kwa njia ya misafara ya wafanyabiashara, wakati Msiri aliyetoka Unyamwezi alipotawala Bunkeya, lakini kilikuzwa zaidi na kambi za wafanyakazi wa migodi. Kambini mti haufiki ukiwa umesimama. Hufika ukiwa mbao, kuni au makala. Mtu wa kambini hana haja ya kuuliza kuni yake ilikuwa mti gani, anauliza bei. Majina yalibaki nyuma, kwa Basanga, Balamba, Babemba, Balomotwa na wengine, na katika vichwa vya wale wanaorudi porini kukata. Ndiyo maana katika mtaa wetu ambao una walimu, makarani na wauguzi, anayejua majina ya miti kuliko wote ni mchoma makala.

Mwenzetu mmoja akapinga papo hapo. Alisema ninataka kumfanya mwenye shoka kuwa mlinzi wa msitu. Nilimwambia hapana. Mchinjaji naye anaijua ng’ombe kuliko sisi sote, na hilo halimponyi ng’ombe. Ninachosema ni kwamba siku pori litakapokwisha, wa mwisho kukumbuka majina atakuwa mtu ambaye tunaona haya kumtaja. Papa alisikiliza yote bila kusema. Kabla ya kwenda kulala aliniambia: “Neno langu la asubuhi silirudishi, mwanangu. Lakini kwa baba yako lilikuwa kali.” Nilimshukuru. Nilipenda kwamba hakulirudisha.

Kabla ya kuzima taa tuliandika majina tuliyoweza kukusanya, ya Papa, ya mwalimu, ya kila mmoja aliyekumbuka neno la bibi yake. Yalikuja mengi kuliko tulivyofikiri. Mmoja alileta mwavi, jina ambalo wote tulilikuta vitabuni kwa sababu gome lake lilitumiwa kuwapima watu walioshtakiwa uchawi, na hakuna aliyekuwa amewaza kwamba ni mti ambao mtu anaweza kuupita njiani. Mwingine alisema mukula, akakumbuka malori ya magogo mekundu ya miaka ile, yaliyokuwa yakienda mpakani ili mbao zisafirishwe mpaka Asia. Tangu mwaka 2019 mti huo uko katika orodha ya kimataifa ya miti ambayo biashara yake inasimamiwa. Jina lake liliingia mjini lilipopata bei.

Baba alirudi kutoka porini siku nne baada yetu. Nilimngoja aoge, ale bukari, kisha nikamweleza safari yote, hata lile neno la Papa. Alicheka kwa pua. Nilimwambia nimeona mululu ambao watu watano hawakuuzunguka. Akaniuliza kuta zake zilikuwa na urefu gani, nikamwonyesha kwa mkono. Halafu nikamuuliza:

“Na ule wetu wa kijitoni, bado uko?”

Alitazama mbabula. Mama akanyanyuka akaingia ndani, nikajua kwamba alijua.

“Niliuuza,” akasema. “Kwa watu wa mbao. Walikuja na msumeno wao.”

“Lini?”

“Ule mwezi ulianza chuo kikuu. Walisema maandikisho yanafungwa siku ya ijumaa.”

Sikuwa na la kusema. Nilikumbuka ijumaa ile. Nilikuwa nimepanga foleni tangu alfajiri na noti zikiwa ndani ya soksi, nikiwa na furaha kubwa, na kwenye fomu nikaandika “mkulima”. Baba hakuomba msamaha wala hakujitetea. Aliuliza tu kama mululu wa Lofoi uko ndani ya mpaka, mahali ambapo hawafiki. Nikasema uko ndani kabisa. Akasema vizuri.

Tangu siku ile, kila juma lake la nyumbani tunakaa na daftari. Yeye anataja, mimi ninaandika: jina, mahali unapoota, moto wake, matunda yake, dawa yake, na kama unakatwa au unaachwa, na kwa nini unaachwa. Tumefika miti 47. Katika safu ya mwisho ninaandika jina la Kiswahili sanifu ninapolipata, na mara nyingi safu hiyo inabaki tupu. Mwalimu amekubali iwe kazi yangu ya mwisho wa masomo. Baba bado anachoma. Nilimwuliza mara moja kama hawezi kuacha, akaniuliza kama mimi nimemaliza shule. Wadogo zangu wawili wanafuata.

Mwezi wa kumi uliofuata nilijaza tena fomu. Mahali pa kazi ya baba niliandika: mchoma makala. Nilimpa karani, nikasimama kungoja uso wake. Aligonga muhuri bila kuinua macho, akaita anayefuata.